Anti Nijibu: Klabu yetu ya kutembea imebaki na watu wanne, tufanyeje?

Haya jamani. Toleo lililopita nilimjibu dada mmoja wa Singida kuhusu presha, nikachomekea kidogo tu kwamba nilipokuwa nafanya kazi Wales nilijiunga na klabu ya kutembea ikiwa changa kabisa, nikasema siku nikipata nafasi ntaeleza. Kumbe nimechokoza nyuki, meseji zimejaa, na nyingi zimetoka hapahapa Dodoma na jirani zake. Kwaiyo leo safu yote ni ya kutembea, wenye maswali ya ndoa na mikopo mnisubiri.

Kwa wale wanaouliza Wales ndo wapi: ni nchi ndogo iliyo ndani ya Uingereza, upande wa magharibi, makao makuu yake Cardiff, wana lugha yao wenyewe ambayo Mwingereza wa London haielewi hata neno, kondoo ni wengi kuliko watu, na mvua hawaijadili, wanaivalia koti tu. Mimi nilikuwa mji mdogo kwenye mabonde ya kusini, kaskazini ya Cardiff, nikihudumia wazee. Tuendelee.

Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi mtaa wa Kisasa hapa Dodoma. Tulianzisha kikundi cha kutembea wamama wa mtaa wetu, kila jumamosi asubuhi tunaenda mpaka kule chuoni Udom tunarudi. Wiki ya kwanza tulijaa mpaka magari yanapiga honi, tukachagua mwenyekiti na katibu na mweka hazina, tukakubaliana tisheti za zambarau. Sasa hivi tumebaki wanne na mmoja ni mdogo wangu anakuja kwa kunionea aibu tu. Grupu la WhatsApp limejaa watu lakini jumamosi hamna mtu, wanatuma emoji za kukimbia wakiwa kitandani. Tumekosea wapi? Na hao wa Wales walianzaje? (Mama wa Kisasa)

Marahaba mwanangu, na pole. Kabla sijakujibu nikuulize kitu kimoja, ile wiki ya kwanza nani alifika wa mwisho? Yule aliyekuwa nyuma kabisa anahema huku nyie mnapiga picha, unamkumbuka jina? Na wiki ya pili alikuja?

Mi naamini jibu la klabu yenu liko kwa huyo mtu. Ngoja nikueleze.

Kule klabu ilianza na karatasi mbili, moja ilibandikwa maktaba na nyingine kwenye dirisha la bucha, zimeandikwa kwa mkono kwa lugha zote mbili, Kiwelshi juu na Kiingereza chini, kwamba Jumapili saa nne tukutane nyuma ya kanisa, maili nne, kuna matope. Basi. Aliyezibandika alikuwa nesi mstaafu, mama mfupi ana sauti. Waliojitokeza walikuwa wachache na wengi wao wazee, na wanaume wa mule karibu wote walishawahi kuwa mgodini, maana yale mabonde yaliishi kwa makaa ya mawe miaka na miaka, migodi ikaanza kufungwa mmoja mmoja, ukaja ule mgomo mkubwa wa 1984 mpaka 1985, baada ya hapo ikafungwa kama vile mtu anazima taa nyumba nzima, na ule mkubwa wa mwisho wa chini kabisa ya ardhi, unaitwa Tower, ulifungwa 2008. Sasa mtu aliyevuta vumbi la makaa tangu kijana, mapafu yake unayajua. Akipanda kilima hatua chache anasimama, anashika kiuno, anaangalia mandhari. Mandhari gani, anatafuta pumzi.

Klabu ikianza na watu wa hivyo inabidi iamue mapema tunakwenda kwa mwendo wa nani, na yule nesi aliamua siku ileile ya kwanza: mwendo wa aliye nyuma. Akamteua mtu wa kuongoza mbele, huyo ana ramani kwenye mfuko wa nailoni kaivaa shingoni, na akamteua mtu wa nyuma, huyo kavaa kizibao cha njano, na kazi yake ni moja tu, kuwa wa mwisho. Haruhusiwi kumpita mtu. Mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu naye anasimama. Wa mbele akifika njia panda anasubiri mpaka aione ile njano ndo anaendelea.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawakioni kabisa. Wa mbele wakishasubiri, wameshakaa kwenye jiwe, wameshakunywa maji, wamepiga stori, yule anayehema anafika, na wao hapohapo wanainuka "haya twende". Yani waliokuwa hawajachoka wamepumzika na aliyechoka hajapumzika hata dakika moja! Ndivyo watu wazito wanavyoacha klabu, mwanangu. Sio uvivu, ni aibu. Kwa yule nesi ilikuwa kwamba anayehema akifika anampa muda wake, anamuuliza habari ya wajukuu, anafungua chai ya kwenye chupa, akiona rangi ya uso imerudi ndo anatikisa kichwa kwa wa mbele.

Kule njia zinakatiza mashamba ya watu, sasa wanaweka mageti fulani yamezungushiwa uzio wa nusu duara, unaingia mtu mmoja, unasukuma geti, unatokea upande wa pili, kondoo hawezi. Kwaiyo kila geti ni foleni. Kulikuwa na mzee mmoja anayapenda hayo mageti kuliko kitu chochote. Akifika anashika mti wa geti kwa mkono wa kushoto, wa kulia anauingiza mfukoni kama anatafuta pipi, na anawaita wote wapite kwanza, pita mama, pita binti, karibu, huku anatabasamu, na ukimwangalia vizuri kifua kinapanda na kushuka, vidole vimeukamata ule mti mpaka vimekuwa vyeupe. Anajipa mapumziko bila mtu kumwambia pumzika. Wa njano alikuwa anajua, na siku zote naye alikuwa na kitu cha kutafuta mfukoni. Yule mzee hakukosa.

Sasa nyie mna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nani wa nyuma? Mtafute mmoja, na asiwe dhaifu kwa kuwa ndo anaachwa nyuma, awe mwenye nguvu kuliko wote na mdomo mtamu. Zungukeni zamu.

Kitu kingine, njia lazima mtu awe ameitembea kabla, sio mwaka juzi, wiki hiyohiyo. Kule aliyepangiwa kuongoza anaenda na mwenzake siku kadhaa kabla, wanaangalia mto umejaa au la, kuna shamba limeingizwa ng'ombe dume, mti umeanguka wapi, na choo kiko wapi. Choo mnaliona dogo. Hamna mama atakayekuandikia kwenye grupu kwamba naacha kwa sababu ya choo, ila muulize pembeni. Hapo kwenu pita kwanza ujue duka gani linafungua mapema lina choo, na nyumba gani ina mbwa wanaofunguliwa alfajiri.

Muda: ilikuwa saa nne ni saa nne, wakiwa wengi wanaondoka, wakiwa watatu wanaondoka, mvua inanyesha wanaondoka. Sisi adui yetu jua. Pangeni saa kumi na mbili na robo, ikifika ondokeni hata mkiwa hao wanne, msikae kumsubiri aliyeandika "nakuja nipo njiani" ambaye unamjua kabisa yupo chini ya shuka. Aliyewahi ukimsubirisha mara mbili, ya tatu na yeye anachelewa.

Na fupisheni. Kisasa mpaka chuoni kwenda na kurudi sio fupi kwa mtu aliyezoea bajaji, alafu ina kupanda. Zile maili nne za kule ni kama kilometa sita na nusu, na ndo zilikuwa za kuanzia, wakati mwingine chini ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yani ule unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Jumamosi mkitembea kwa muda wa saa moja na robo, zilizobaki watajazia kwa kwenda sokoni kwa miguu.

Mtafute yule wa nyuma wa wiki ya kwanza. Mpigie simu, usimwandikie. Mwambie safari hii tunatembea na wewe.

Anti shikamoo, mi mwanafunzi hapa Dodoma. Samahani lakini hizi klabu za kutembea naona ni uzungu tu. Bibi yangu Bahi katembea maisha yake yote, maji kwa miguu, shamba kwa miguu, mnadani kwa miguu, na hana klabu wala chupa ya chai. Mtu mwenye gari anaenda kupaki alafu anatembea kwenye duara anarudi kwenye gari, si kichekesho? (Mjukuu wa Bahi)

Marahaba mjukuu. Ni kichekesho kweli, nakupa hapo, nami siku ya kwanza nilivyoona watu wanatoa buti kwenye buti la gari nilicheka. Ila bibi yako hatembei kwa kupenda, anatembea kwa sababu bomba liko mbali, na siku likiletwa mlangoni usimlaumu akikaa.

Lakini usidhani kule ilikuwa starehe ya matajiri. Ni kinyume chake. Matajiri ndo walikuwa na milima, wameifunga kwa ajili ya kuwinda ndege, na wafanyakazi wa viwandani wiki nzima wako kwenye moshi, Jumapili wakitaka hewa wanafukuzwa na walinzi wa mashamba. Tarehe 24 Aprili 1932, huko England kwenye mlima wa Kinder Scout, mamia ya vijana wa kutoka Manchester na Sheffield waliamua kupanda kwa makusudi, liwalo na liwe, na watano wakafungwa jela. Mashtaka yaliandikwa vurugu, ila chanzo ni kutembea! Mwaka 1935 vyama vya watembea kwa miguu vikaungana kuwa kimoja cha nchi nzima, ndo hicho leo kinaitwa Ramblers na kina tawi lake Wales. Mwaka 1949 ikapita sheria ya hifadhi za taifa na njia za miguu, Wales ikapata Snowdonia 1951, pwani ya Pembrokeshire 1952, na Brecon Beacons 1957. Ile ya 2000 ikaongeza haki ya kutembea kwenye milima na nyika za wazi hata kama zina mwenyewe. Kwaiyo yule mzee wangu wa mgodini alivyokuwa anashika lile geti, alikuwa anashika kitu ambacho watu wa aina yake walikigombania.

Na kwetu pia, muulize mtu mwenye umri. Baada ya Azimio la Arusha 1967 watu walitembea nchi nzima kuunga mkono, na Mwalimu Nyerere mwenyewe Oktoba mwaka ule alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza kwenye mkutano wa TANU. Hakuna aliyesema uzungu.

Alafu nikupe na cha kujivunia. Mlima mrefu kuliko yote Wales, Yr Wyddfa, ambao Waingereza wanauita Snowdon, una mita 1,085. Dodoma mjini tupo kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Yani mtu akikaa pale Nyerere Square anakula karanga yuko juu kuliko kilele chao, na wao wakifika juu wanapiga picha. Ila usiwacheke sana, wenyewe wanaanzia bondeni chini sana, na kuna ukingo wa mlima huohuo unaitwa Crib Goch unaopata mvua zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka, sisi hapa ni chini ya 600. Kutembea na mvua ya vile inakupiga ubavuni siku nzima, bibi yako tu ndo angeweza.

Habari anti. Mke wangu kajiunga na hizo klabu, kila jumamosi alfajiri yupo nje kavaa raba, anarudi saa tatu anacheka peke yake. Zamani nilikuwa namuamsha mimi. Ivi kweli kutembea tu kunamfurahisha mtu hivyo au kuna lingine? (Baba wa Area C)

Salama baba. Jumamosi ijayo vaa raba. Ukifika utakuta wanawake watu wazima wanaongelea bei ya mkaa, magoti na watoto wa form four, na utagundua hakuna aliyekuwa anakuongelea wewe, jambo ambalo wanaume wengi huwa linawauma zaidi kuliko lile unaloliwaza. Kule Wales wanaume walianza kuja hivyohivyo, mmoja kamfuata mke wake kumchunguza, akaishia kuwa mtu wa ramani.

Binti yangu, hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kondoa. Tuko wastaafu kadhaa tunataka kuanza kutembea polepole, na ndoto yetu ni siku moja twende kwa miguu kuona michoro ya Kolo, tuliifundisha miaka yote na wengine hatujaiona kwa macho. Magoti yetu ndiyo hayo. Tunajuaje safari itatuchukua muda gani tusije tukakutwa na jua la saa saba mlimani? (Mwalimu, Kondoa)

Sijambo mwalimu wangu, shikamoo. Swali lako limenifurahisha kuliko yote.

Watu wa milima wa kule wanatumia kanuni aliyoitoa Mskoti mmoja, William Naismith, mwaka 1892, na mpaka leo hawajaiacha: hesabu saa moja kwa kila kilometa tano za mlalo, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Wewe mwalimu utaipenda. Tuseme njia ni kilometa nane na ndani yake kuna kupanda mita 300. Nane kwa tano ni saa moja na dakika 36, kupanda ni nusu saa, jumla saa mbili na dakika sita. Ila Naismith alihesabia mtu mzima mwenye afya asiyesimama, hakuwahesabia wastaafu wa Kondoa wanaosimama kubishana huo mti ni wa aina gani. Klabu yetu tulikuwa tunachukua jibu lake tunaongeza nusu yake, alafu chai tunahesabu peke yake. Kwa mfano wangu inakuwa saa tatu na kidogo. Mkiondoka saa kumi na mbili asubuhi mnakuwa mmemaliza saa tatu na nusu na jua bado la adabu.

Magoti: kupanda kunachosha pumzi, kushuka ndo kunaumiza goti. Wakati wa kushuka fupisheni hatua, goti lisinyooke kabisa, na fimbo shikeni mbili. Wazungu wananunua fimbo mbilimbili za aluminiamu kwa hela nyingi, sisi kila mzee anayo ya kwake mlangoni, kateni na ya pili. Iwe na urefu ambao ukiishika kiwiko kinakunja kama mtu anayeandika mezani.

Kuhusu Kolo, ile michoro imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, kwaiyo hamwendi tu, mnaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo kijijini, mnalipa kiingilio, mnapewa mtu wa kuwaongoza. Mungomi wa Kolo ndo penyewe mnapopataka, na kuna kupanda kwenye mawe. Mimi nawashauri siku ya kwanza mfike Kolo kwa gari, mkitoka ofisini gari liwasogeze mpaka chini ya mlima, mtembee kipande cha kupanda na kurudi, mengine baadae. Na mkifika, msiguse, na msimwagie maji ati rangi ionekane vizuri kwenye simu, waliofanya hivyo wameifuta.

Anti naomba msaada wako. Huku kwetu Ihumwa kuna kinjia tulikuwa tunatembea siku zote, kinapita kati ya mashamba mpaka kwenye mbuyu. Sasa vimepimwa viwanja, mtu kajenga ukuta katikati ya njia, bikoni zinaonekana. Huko Wales si ulisema njia inapita kwenye shamba la mtu? Hapa sheria ikoje? (Mtembezi wa Ihumwa)

Kule njia imeandikwa, ndo siri yenyewe. Kila halmashauri ina ramani rasmi ya njia za umma, ni matokeo ya ile sheria ya 1949, na ukinunua ramani ya Ordnance Survey ile ya kipimo cha 1:25,000 unaziona ni vistari vya kijani vinakatiza shamba la fulani bila kumuomba mtu. Mwenye shamba analima, anafuga, ila akiziba anaandikiwa barua. Klabu yetu ilikuwa na katibu, bibi mmoja mpole, ambaye kazi yake karibu yote ilikuwa barua kwa halmashauri: ngazi ya kuvukia uzio imeoza mahali fulani, miiba imefunga njia mahali fulani, anaweka na picha, na asipojibiwa anaandika tena. Kwa moyo huohuo wa kung'ang'ana Wales mwaka 2012 ilifungua njia inayofuata pwani yake yote, kilometa kama 1,400, sawa na kutoka hapa mpaka Dar mara tatu na chenji.

Hapa kwetu usianze na kelele kwa mwenye ukuta. Nenda ofisi ya mtaa uulize kama wana mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, kama hawana nenda idara ya ardhi ya jiji, uombe kuuona. Kama kwenye mchoro pale pamechorwa barabara au njia ya miguu, basi aliyejenga ana maswali ya kujibu na mwenyekiti ana pa kusimamia. Kama ni kiwanja chake na hati anayo, mlikuwa mnapita kwa hisani tu, zungukeni. Ila nendeni sasa, wakati bado kuna nyumba chache. Ihumwa ya leo sio ile ya kabla Mtumba haijawa mji wa serikali, miaka michache ijayo ukiuliza kinjia watakuonyesha geti. Na huko Mtumba msitembee mnapiga picha hovyo kila jengo, mtajielezea mpaka jioni.

Anti mambo vp. Sisi vijana wa Mpwapwa tunataka kuanzisha klabu ya kupanda mlima Kiboriani. Tuanze na nini, katiba, usajili BMT au tisheti? Na bima je? Bajeti yetu ndogo. (Kijana wa Mpwapwa)

Poa mwanangu, ila siku nyingine shikamoo kwanza.

Anzeni kwa kutembea. Sina ugomvi na tisheti, ni nzuri, ila nimeona grupu zaidi ya moja mjini hapa zinachangisha za tisheti kabla hazijatembea hata kilometa moja, fundi anachelewesha, hela haieleweki iko kwa nani, na klabu inafia kwenye mashine ya cherehani. Kule tulitembea majira mazima ya baridi bila jina wala sare, mtu mpya akija matembezi machache ya mwanzo ni bure aone kama anapenda, ndo baadae anaulizwa ada. Bima ilikuja walipojiunga na kile chama kikubwa, maana kikundi kikiwa chini yake kinabebwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Nyie mkishakuwa wengi wa kudumu nendeni kwa afisa michezo wa wilaya, yeye ndo mlango wa kwenda Baraza la Michezo la Taifa, ndo hiyo BMT, atawapa utaratibu wa katiba na usajili, na kila anayepanda awe na bima yake ya afya, iwe ya mzazi au ya kulipia.

Kiboriani sio mchezo lakini. Kule juu kuna msitu, kwaiyo ulizeni kwanza watu wa misitu wilayani kama mnahitaji kibali, msije mkapelekwa kama wachoma mkaa. Chukueni mwenyeji mmoja wa kijiji cha chini, mlipeni, anajua mizinga ya nyuki iko wapi na ninyi hamjui. Mwenyekiti wa kijiji aachiwe karatasi ya majina, simu za ndugu, njia mnayopita na saa ya kurudi, na mkirudi mumwambie mmerudi, hii ya kurudi watu wanasahau, alafu watu wanatoka usiku na tochi kumtafuta mtu aliyelala kwake.

Kila mmoja awe na filimbi ya refa. Ishara ya kuomba msaada milimani kule Uingereza ni mipulizo sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Kubalianeni hivyohivyo, mfundishe na watu wa kijijini, maana ukipuliza mtu akadhani ni mechi haisaidii. Maji lita moja na nusu kila mtu kwa uchache, kiangazi ongezeni. Na viatu viwe vya soli ngumu, mbigili za huko zinatoboa ndala mpaka kisigino.

Maswali ya mikopo na ndoa, toleo lijalo.